Rhapta: Mji wa Azania Katika Maandishi ya Wagiriki

Miji ya Ugiriki na Roma ya kale ilikuzwa na biashara ya bahari, iliyofika hadi Azania, yaani pwani ya Afrika Mashariki. Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 BK, unaitaja Rhapta, soko la mwisho la pwani hiyo, lililoitwa hivyo kwa sababu ya vyombo vyake vya mbao zilizoshonwa kwa kamba, na lililojaa pembe za ndovu na magamba ya kasa. Karne iliyofuata mwanajiografia Klaudio Ptolemaio wa Alexandria aliuita mji huo metropolis, yaani mji mama, heshima kubwa kwa mji wa Kiafrika. Ptolemaio huyohuyo aliandika kwamba Nile hutoka katika maziwa ya bara.