Phiona Mutesi: binti wa Katwe aliyejifunza kutokula haraka

Ukipita Ipuli jioni, jua la Tabora likishaanza kulegea, hukosi kukuta vijana wamezunguka ubao wa drafti. Kete ni vizibo vya soda, vya huyu vimefunuliwa na vya yule vimefunikwa. Kelele kubwa huzuka mtu anaposahau kula, maana katika drafti kula ni lazima. Mwenzako akikutegea kete, unaila hata kama unaona wazi kwamba unaingia mtegoni. Chesi haina sharti hilo. Kinacholika unaweza kukiacha, na mara nyingi anayekiacha ndiye anayeshinda. Phiona Mutesi, mchezaji wa chesi anayejulikana kuliko wote Afrika Mashariki, alichukua miaka kulielewa jambo hilo.

Anatoka Katwe, Kampala, mahali ambapo watu wa Tabora wana uhusiano napo wa zamani kuliko wengi wanavyodhani. Kaze, kama Tabora ilivyoitwa na wasafiri wa enzi zile, haikuwa kituo cha njia ya Ujiji peke yake. Njia nyingine ilipinda kwenda kaskazini, ikapita Usui na Karagwe hadi Buganda, nchi ilimo Kampala. Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu aliyewapokea wasafiri Waingereza Burton na Speke hapa mwaka 1857, alikuwa ameshafika kwa Kabaka Suna miaka mitano kabla yao. Nguo na shanga zilikwenda huko, pembe za ndovu zikarudi.

Na watu wa ncha zote mbili za njia ile walikuwa na mchezo wa akili unaofanana: safu nne za mashimo manane, kete 64. Pwani wanauita bao, Wasukuma na Wanyamwezi isolo, Waganda omweso, na makabaka wenyewe waliucheza ikuluni. Katika bao na omweso ukimla mwenzako kete zake hazitoki mchezoni. Unazisambaza upande wako, zinakufanyia kazi. Kwa hiyo mchezaji wa kwetu kila anachokula kinamnenepesha. Chesi, ambayo wazee wa Pwani waliijua kwa jina la sataranji, haina huruma hiyo. Kilicholiwa kinawekwa kando ya ubao na hakirudi, na wewe uliyekula unaweza kugundua hatua mbili baadaye kwamba umelipia bei kubwa.

Katwe ni mtaa wa mafundi chuma tangu zamani, na sehemu zake za bondeni hufurika mvua zikizidi. Huko ndiko Robert Katende, kijana msomi wa uhandisi na mcheza mpira, alikotumwa na shirika la Kikristo linalotumia michezo kuwafikia watoto maskini. Alianza na mpira wa miguu, ila akaona watoto kadhaa wanakaa pembeni wakitazama tu. Wengine waliogopa kuumia, kwa sababu kwao hapakuwa na fedha za matibabu. Mwaka 2004 akawaletea chesi. Baada ya mafunzo aliwapa uji, na tusijidanganye: uji ndio uliojaza benchi mwanzoni.

Uji huohuo ndio uliomvuta Phiona. Alizaliwa yapata mwaka 1996. Baba yake alifariki kwa UKIMWI Phiona akiwa mdogo sana, na mama yake, Harriet, alihangaika na biashara ndogondogo za chakula kulisha watoto. Shule ilikatika. Mwaka 2005 Phiona alimfuata kwa siri kaka yake Brian ili ajue anakwenda wapi kila siku, akakuta watoto wamekaa kimya mbele ya vinyago vya rangi mbili. Walimcheka kwa uchafu wake, naye hakuondoka. Aliyepewa kazi ya kumfundisha namna kila kete inavyotembea alikuwa msichana mdogo kuliko yeye kwa miaka kadhaa.

Tazama alivyoshinda mchezo wake wa kwanza. Kulikuwa na mvulana aliyekuwa akimmaliza kila mara kwa ujanja uleule, wa hatua nne. Ni ujanja wa wanaoanza dunia nzima: malkia na askofu wanaelekezwa kwenye kitunda kimoja, kete ya chini kabisa ubaoni, kilicho jirani na mfalme, kitunda ambacho hakina mlinzi mwingine ila mfalme mwenyewe. Usiposhtuka, malkia anakila na mfalme hana pa kukimbilia. Phiona alifungwa hivyo tena na tena. Siku aliyoupatia dawa, hakuishia kuzuia tu. Alimla malkia wa yule mvulana, kisha akamfungia mfalme. Sisi tuliokulia kwenye drafti tunajua raha ya ushindi wa aina hiyo.

Raha hiyo ina hatari zake. Phiona wa miaka ya mwanzo alikuwa mshambuliaji asiye na breki: kila kilicho mbele yake alikula, kila nafasi alisogea mbele. Mbele ya watoto wenzake mtindo huo ulitosha. Mwaka 2007, akiwa na miaka kama 11, alitwaa ubingwa wa taifa wa vijana wa kike, na hakuutwaa mara moja tu. Agosti 2009 alisafiri hadi Juba, iliyokuwa bado Sudan, pamoja na Benjamin Mukumbya na Ivan Mutesasira, kwenye mashindano ya kimataifa ya watoto wa Afrika. Watatu hao wa Katwe wakarudi na kombe.

Siberia ndiko alikokutana na watu wasiotishika. Olimpiadi ya chesi ya mwaka 2010 ilifanyika Khanty-Mansiysk, Urusi, na mchezo wake wa kwanza alipangiwa Dina Kagramanov wa Kanada. Akapoteza. Dhidi ya mchezaji wa Misri aliingia kwenye kasi ambayo mwenzake aliitaka, akacheza harakaharaka, akapoteza tena na machozi yakamtoka. Wapinzani kama hawa hawakuwa na haja ya kumtegea sana. Walimwachia nafasi ya kushambulia, wakasubiri aishiwe. Alipokutana na Mwethiopia alikuwa ametulia. Alijenga taratibu, akabana, kisha ndipo akashambulia. Alishinda. Kwangu mimi huo ndio mchezo wake mkubwa kuliko wowote wa utotoni, kombe la Juba likiwemo, kwa sababu humo ndimo unamomwona akikataa kula haraka.

Mwaka 2012, kwenye Olimpiadi ya Istanbul, yeye na Ivy Amoko walipata cheo cha Mgombea Umahiri upande wa wanawake, wakawa wanawake wa kwanza wa Uganda kuwa na cheo cha shirikisho la dunia. Hapa lazima tuwe wakweli. Hicho ni cheo cha chini kabisa kati ya vinne vya wanawake, na Phiona hakuwahi kuwa tishio kwa magwiji wa Urusi au China. Waganda wenyewe wana wachezaji waliopanda juu zaidi, kama Elijah Emojong na Arthur Ssegwanyi, ambao Hollywood haikuwagusa. Kitabu cha Tim Crothers cha mwaka 2012, na filamu ya Mira Nair iliyotoka 2016, Madina Nalwanga akiigiza kama Phiona na Lupita Nyong'o kama mama yake, vilimfanya maarufu kuliko kiwango chake. Simlaumu kwa hilo. Watu wa kiwango chake waliofundishwa na makocha wa kulipwa tangu utotoni wako tele. Waliofika hapo kutoka kwenye benchi la uji ni wa kuhesabu.

Baadaye alipata nafasi Chuo Kikuu cha Northwest, Kirkland, jimbo la Washington nchini Marekani, akiwa tena na Benjamin, na wote wawili wakaichezea timu ya chuo. Katende alibaki Katwe akiendelea kufundisha. Anayetaka kumjua Phiona mchezaji asiishie kwenye filamu, maana filamu haiwezi kumwonyesha mtu akifikiri kwa dakika ishirini. Michezo ya Olimpiadi huandikwa hatua kwa hatua na kuhifadhiwa, na mtu yeyote mwenye ubao anaweza kuupanga ule wa Siberia dhidi ya Mwethiopia, kitunda kwa kitunda, na kujiuliza kila mara kama yeye angekula.