Mapatano ya Nairobi na Kisiwa cha Mbali

Haiti ni sehemu ya magharibi ya kisiwa kimoja kikubwa cha Bahari ya Karibi. Watu wake wengi ni wazao wa Waafrika waliochukuliwa utumwani, wakalimishwa miwa na kahawa kwa faida ya Wafaransa. Watumwa hao walishika silaha, wakawashinda mabwana wao, na tarehe 1 Januari 1804 wakatangaza uhuru. Ushindi huo walilipishwa ghali. Katika mwaka wa 1825 Mfalme wa Ufaransa alipeleka manowari, akadai faranga milioni 150 ndipo autambue uhuru wao. Yaani aliyeibiwa alitakiwa amlipe mwizi. Deni lilipunguzwa mwaka 1838 hata faranga milioni 90, lakini mikopo iliyozaliwa nalo haikwisha kulipwa mpaka 1947. Tena askari wa Marekani waliikalia nchi hiyo tangu 1915 hata 1934. Msomaji ayaweke hayo moyoni, maana ndiyo yaliyowafanya Wahaiti wengi wawatazame kwa shaka wageni wenye bunduki, hata wakija kwa nia njema.

Tarehe 7 Julai 2021 Rais Jovenel Moïse aliuawa. Waziri Mkuu Ariel Henry alishika serikali pasipo uchaguzi, na magenge yakateka sehemu kubwa ya mji mkuu, Port-au-Prince. Oktoba 2022 aliomba msaada wa nje. Mataifa makubwa ya kaskazini, Marekani na Kanada, yalikuwa tayari kutoa fedha, wala hayakutaka kuongoza jeshi huko. Julai 2023 Kenya ilijitolea kupeleka polisi 1,000. Ajabu ni kwamba hata wakati huo Kenya na Haiti hazikuwa na uhusiano wa kibalozi. Ulifunguliwa Septemba 2023. Tarehe 2 Oktoba Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likatoa kibali, na Marekani ikawa mlipaji mkuu. Basi watu walitoka Afrika, fedha zikatoka kaskazini.

Ndipo shauri likafika Mahakama Kuu ya Milimani, magharibi ya kiini cha jiji la Nairobi. Mwanasheria Ekuru Aukot na wenzake walidai kwamba Katiba imevunjwa. Tarehe 26 Januari 2024 Jaji Chacha Mwita aliamua kuwa Baraza la Usalama wa Taifa laweza kupeleka majeshi ya ulinzi nje ya nchi, lakini si polisi. Polisi huenda tu katika nchi iliyopatana na Kenya kutendeana vivyo hivyo. Wako walioiona hukumu hiyo kuwa ubishi wa maneno. Mimi naona ilifichua swali lililokwepwa: ni nani katika Haiti mwenye haki ya kuifunga nchi yake kwa mapatano? Bunge halikuwako tena, kwa kuwa muda wa maseneta wa mwisho waliochaguliwa ulikwisha Januari 2023.

Henry alikuja Nairobi mwenyewe, na tarehe 1 Machi 2024 mapatano yakatiwa sahihi mbele yake na Rais William Ruto. Wino haujakauka, magenge yakavunja magereza huko kwao, maelfu ya wafungwa wakatoroka, na uwanja wa ndege ukafungwa. Waziri Mkuu akakosa njia ya kurudi. Alifika Puerto Rico akakwama, na tarehe 11 Machi akatangaza kwamba atajiuzulu. Warithi wake, ambao nao hawakuchaguliwa na wananchi, waliyaendeleza mapatano yale yale.

Kikosi cha kwanza kilishuka Port-au-Prince tarehe 25 Juni 2024. Siku hiyohiyo, katikati ya Nairobi, vijana waliopinga Mswada wa Fedha waliingia Bungeni. Polisi wakafyatua risasi, na watu wakafa. Wakenya wengi hawakuweza kuitaja habari moja bila ya nyingine.

Kikosi kilikusudiwa kuwa na watu 2,500, lakini hakikufikia hata nusu ya idadi hiyo, na walio wengi walikuwa Wakenya. Baadhi yao walifia huko. Tarehe 30 Septemba 2025 Baraza la Usalama liliamua kukigeuza kuwa kikosi kipya cha kupambana na magenge, kisichozidi watu 5,550.