Nani Ashike Ufunguo? Utunzaji wa Funguo za Siri na Kadi Janja katika Historia ya Baruapepe Salama, 1976–2017

Historia ya baruapepe salama imezoeleka kusimuliwa kama historia ya hisabati: wataalamu wanagundua kanuni, waandaaji wa programu wanaitekeleza, na watumiaji wanaipokea. Insha hii inatofautiana na mkabala huo. Hoja yake ni kwamba, tangu mwaka 1976, jambo lililoamua hatima ya mawasiliano hayo si uimara wa kanuni pekee, bali utunzaji wa ufunguo: nani anauzalisha, unakaa wapi, na unapopotea unapotea na nini. Kadi janja ilipoingia katika mfumo huo ilionekana kuwa jibu la maswali yote matatu. Insha inaonesha kuwa ilijibu la pili tu. La kwanza ililihamishia kiwandani, na la tatu ikalifanya kuwa zito zaidi.

Kabla ya mwaka 1976, maandiko ya wazi ya taaluma hii yalichukulia kuwa watu wawili wanaotaka kuandikiana kwa siri sharti kwanza wapeane ufunguo mmoja kwa njia iliyo salama. Whitfield Diffie na Martin Hellman waliliondoa sharti hilo katika makala yao ya mwaka huo. Mwaka uliofuata, Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walibuni mfumo wa RSA, ambamo kila mtu ana funguo mbili: wa umma, unaotangazwa kwa wote na kutumika kusimba ujumbe, na wa siri, unaobaki kwa mwenyewe na kutumika kuusimbua au kutia saini ya kidijitali. Kwa hatua hiyo tatizo la kupeana siri lilipata ufumbuzi, lakini yalizaliwa mawili mapya. Mtumaji atajuaje kuwa ufunguo wa umma alionao ni wa mtu anayemkusudia? Na mpokeaji ataulindaje ule wa siri?

Swali la kwanza lilijadiliwa sana. Philip Zimmermann, aliyetoa programu ya PGP nchini Marekani mwaka 1991, alilijibu kwa utaratibu wa watumiaji kudhaminiana: kila mmoja hutia saini kwenye funguo za anaowafahamu. Mfumo wa S/MIME, uliojitokeza baadaye katika mwongo huohuo, ulikabidhi udhamini huo kwa mamlaka zinazotoa vyeti vya kidijitali. Uchunguzi wa serikali ya Marekani dhidi ya Zimmermann, ulioanza mwaka 1993 na kufungwa Januari 1996, uliuelekeza mjadala kwenye haki ya raia kutumia usimbaji. Swali la pili halikupewa uzito kama huo. Ufunguo wa siri ulibaki kuwa faili ndani ya kompyuta, likilindwa kwa fungu la maneno ya siri. Aliyefanikiwa kulinakili faili na kuyapata maneno hayo aliumiliki ufunguo sawasawa na mwenyewe, na mwenyewe asijue.

Utafiti wa Alma Whitten na J. D. Tygar wa mwaka 1999 unathibitisha uzito wa suala hili. Washiriki 12 walipewa dakika 90 kusimba na kutia saini baruapepe kwa kutumia PGP. Thuluthi moja tu walifaulu, na watatu walituma siri yenyewe bila kuisimba. Utafiti huo hutajwa zaidi kama hoja kuhusu muundo wa programu. Hata hivyo, baadhi ya washiriki walisimba ujumbe kwa funguo zao wenyewe badala ya zile za wapokeaji; yaani, walichokikosa ni maana ya ufunguo na mwenye nao.

Kadi yenye chipu ilikuwapo tayari. Roland Moreno alipata hataza yake nchini Ufaransa katikati ya miaka ya 1970. Ilipohusishwa na baruapepe, ilileta kanuni mpya ya utunzaji: ufunguo wa siri hautoki kadini. Barua nzima haiingii humo. Programu huisimba kwa ufunguo wa muda, na kazi ya kadi ni kuusimbua ufunguo huo mdogo baada ya mwenyewe kuingiza namba ya siri. Akikosea mara kadhaa, kadi hujifunga. Kadi ya OpenPGP, iliyoandaliwa kwa ajili ya programu kama GnuPG, ilitenga nafasi tatu: ya kutia saini, ya kusimbua, na ya kuthibitisha utambulisho.

Mgawanyo huo una maana kubwa kwa mwanahistoria. Ufunguo wa saini ukipotea, mwenyewe hubatilisha wa zamani na kuzalisha mpya, na saini za awali bado zinaweza kuhakikiwa kwa ufunguo wa umma. Ufunguo wa kusimbua ukipotea, kila barua iliyosimbwa kwa ajili yake inabaki imefungwa. Kwa hiyo wa kwanza haufai kuwa na nakala, kwa kuwa nakala ni fursa ya kughushi. Wa pili unahitaji nakala, kwa kuwa bila nakala kadi moja iliyovunjika hufuta mawasiliano ya miaka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo ilivyozuka migawanyiko ya desturi: wapo waliozalisha ufunguo ndani ya kadi ili usipate kunakiliwa kamwe, na wapo waliouzalisha katika kompyuta isiyounganishwa na mtandao, wakahifadhi nakala, kisha wakauhamishia kadini.

Mwaka 2017 ulizipima desturi hizo. Watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Masaryk huko Brno, waligundua kuwa programu ya kampuni ya Infineon iliyozalisha funguo za RSA ndani ya chipu nyingi ilichagua namba tasa zenye mpangilio maalumu, hivyo ufunguo wa siri uliweza kukokotolewa kutokana na ule wa umma kwa gharama ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Chipu hizo zilikuwa zimepita ukaguzi rasmi wa usalama. Waliozalisha funguo ndani ya kadi, kama tahadhari kali zaidi ilivyoelekeza, ndio walioathirika. Waliozileta kutoka nje, zikiwa zimezalishwa kwa programu nyingine, walisalimika.

Nchini Estonia, ambako kadi ya utambulisho hutumika kuingia katika huduma za serikali, kutia saini na kusimba nyaraka, athari ilikuwa ya kitaifa. Serikali iliutangazia umma hatari hiyo Septemba 2017, na mwanzoni mwa Novemba ikasitisha vyeti vya kadi zipatazo 760,000, katika nchi yenye watu takriban milioni 1.3, hadi zihuishwe kwa funguo za kanuni nyingine. Lakini ufunguo mpya haufungui kilichofungwa kwa ule wa zamani. Nyaraka zilizosimbwa zilipaswa kusimbuliwa kabla ya kadi kuhuishwa.

Inabainika, basi, kwamba kadi janja haikumwondolea mtumiaji haja ya kuamini, ilibadilisha anayeaminiwa. Badala ya kuitegemea kompyuta yake, alimtegemea mtengenezaji asiyemfahamu na mkaguzi asiyeweza kumhoji. Kwa watafiti, funzo linagusa vyanzo vyenyewe. Nyaraka za karatasi huweza kuokolewa na kusomwa hata baada ya kusahauliwa kwa karne nzima. Baruapepe iliyosimbwa haiokolewi na uvumilivu wa msomaji. Taasisi ya kumbukumbu inayopokea mawasiliano ya aina hiyo bila kupokea ufunguo wa kuyasimbua imepokea ushahidi kwamba watu fulani waliandikiana, si walichoandikiana. Uamuzi kuhusu nakala ya ufunguo, unaofanywa leo kama jambo dogo la kiufundi, ni uamuzi kuhusu historia ipi itaandikika kesho.