Ubadilishaji wa kapasita za paneli ya mita

Ubadilishaji wa kapasita za paneli ya mita ni kazi ya ufundi wa umeme wa magari. Fundi hung'oa kapasita za elektroliti zilizochakaa kwenye bodi ya saketi iliyo nyuma ya spidomita, geji ya mafuta na geji ya joto, akaweka mpya mahali pake. Kazi hii huhusu zaidi magari ya mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi katikati ya miaka ya 1990. Mfano wake mashuhuri ni Lexus LS 400 ya toleo la kwanza (1989–1994), iliyouzwa Japani kwa jina la Toyota Celsior.

Kapasita na sababu za kufa kwake

Kapasita ya elektroliti ina tabaka mbili nyembamba za alumini zilizoviringishwa pamoja na karatasi iliyoloweshwa kimiminika cha elektroliti, zikafungiwa ndani ya kopo dogo na kuzibwa kwa mpira. Karol Pollak, fundi wa Poland, aliomba hataza ya kapasita ya alumini mwaka 1896. Katika paneli ya mita, kazi ya kapasita ni kutuliza umeme unaopanda na kushuka kutoka kwenye betri na altaneta, ili mita na taa zipate umeme ulio sawa.

Adui wake ni joto. Kwa kanuni inayokubalika, kila nyuzi 10 za Selsiasi zinapoongezeka, umri wa kapasita hupungua kwa nusu. Iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 inatarajiwa kukaa takriban saa 32,000 kwa nyuzi 65. Gari likiegeshwa juani, uso wa dashibodi unaweza kupita nyuzi 70, na joto hilo hukausha elektroliti hata injini ikiwa imezimwa.

Kapasita za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa na balaa ya ziada. Watengenezaji walianza kutumia elektroliti yenye chumvi za amoniamu ya kwatenari, iliyopitisha umeme vizuri sana. Kwenye mguu hasi, kimiminika hicho hugeuka alkali, hula mpira wa kizibo na kuvuja. Kikishafika kwenye bodi, hula shaba ya njia za umeme na kuacha ukungu wa kijani, na kikipashwa moto hutoa harufu kali ya samaki. Kompyuta za injini za Mitsubishi za miaka hiyo zilipatwa na ugonjwa huohuo. Tatizo hili lisichanganywe na lile la kapasita za bodi za kompyuta la kati ya 1999 na 2007, ambalo chanzo chake kilikuwa elektroliti yenye maji.

Lexus LS 400

Toyota ilionyesha LS 400 mjini Detroit Januari 1989, ikiwa na injini ya V8 ya lita 4.0. Mita zake zilikuwa za kuvutia. Uso wake ni mweusi gari likizimwa, na ufunguo ukizungushwa mishale huwaka yenyewe kwa taa nyembamba za katodi baridi. Taa hizo huhitaji mamia ya volti, zinazozalishwa na saketi ndogo yenye kapasita ndani ya paneli. Kapasita zikivuja, mshale mmoja hufifia, kisha mwingine, hadi dereva anaona namba bila mshale. Mita yenyewe bado inapima sawasawa. Kinachokosekana ni mwanga.

Dalili

Dalili ya kuaminika ni hali kubadilika kwa joto la gari. Kapasita iliyokauka hufanya vibaya ikiwa baridi, kwa hiyo mita hucheza au hufifia asubuhi na kutengemaa baada ya mwendo. Nyingine ni kioo cha namba kuwaka na kuzimika.

Si kila mita mbovu ina kapasita mbovu. Risasi iliyopasuka kwenye miguu ya soketi, balbu iliyoungua na waya hasi uliolegea huleta dalili zinazofanana, na ni rahisi kutengeneza. Katika magari mengi ya General Motors ya 2003 hadi 2006, chanzo cha mishale kukwama ni mota ndogo za mishale. Mafundi wengi hukimbilia kununua paneli nzima ya mtumba kabla ya kuifungua iliyopo. Ni hasara isiyo ya lazima, kwa sababu paneli hiyo ya mtumba ina umri uleule na kapasita zilezile.

Utaratibu wa kazi

Waya hasi wa betri hutolewa kwanza. Paneli ikishatoka, bodi hupigwa picha pande zote mbili, na mahali pa kila mshale hutiwa alama kabla ya kung'olewa, kwani mshale uliorudishwa kombo hudanganya kasi. Kila kapasita huandikwa thamani yake ya mikrofaradi, volti na upande wake.

Hapa ndipo wengi huharibu. Kwenye kapasita ya alumini, mstari huonyesha upande hasi. Kwenye ya tantalamu, mstari huonyesha upande chanya. Ikiwekwa kinyume, ya tantalamu inaweza kuwaka moto.

Kapasita iliyochomelewa juu ya uso wa bodi isivutwe kwa nguvu, maana hung'oka pamoja na pedi ya shaba. Hupashwa miguu yote miwili kwa pamoja kwa vyuma viwili vya kuchomelea au hewa moto. Baadaye eneo lililovujiwa husuguliwa kwa mswaki na siki nyeupe kidogo, ambayo huua alkali, kisha huoshwa kwa spiriti ya isopropili na kukaushwa kabisa. Hatua hii hurukwa sana, na ndiyo inayoamua kama kazi itadumu: kapasita mpya juu ya bodi chafu haizuii kutu kuendelea kula njia za shaba. Njia iliyokatika huunganishwa kwa waya mwembamba.

Kapasita mpya huwa na mikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi, na daraja la nyuzi 105. Zote hubadilishwa kwa pamoja, hata zinazoonekana nzima, kwa kuwa zilizaliwa siku moja. Bodi hizo zilichomelewa kwa risasi ya kawaida yenye plumbi, maana katazo la Ulaya la plumbi kwenye vifaa vya umeme lilianza Julai 2006, hivyo risasi ya bati na plumbi inafaa. Bodi hujaribiwa kwa volti 12 mezani kabla ya kurudishwa.

Sheria

Nchini Marekani, kihesabu umbali kilichomo kwenye paneli kikishindwa kuonyesha umbali uleule baada ya matengenezo, sheria hutaka kirudishwe sifuri na kibandiko kiwekwe kwenye fremu ya mlango wa kushoto kikionyesha usomaji wa awali.

Umuhimu wa sasa

Kenya huruhusu kuingiza magari yaliyotumika yasiyozidi miaka minane, kwa hiyo magari ya miaka ya 1990 yaliyopo barabarani ni yale yaliyoingia zamani. Kapasita zenyewe ni bei ndogo, nazo hupatikana kwa wauzaji wa vipuri vya elektroniki kama wale wa Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi; kazi kubwa ni kupata fundi mwenye subira ya kusafisha bodi. Anayenunua gari la kizazi hiki aliwashe asubuhi likiwa limepoa, mahali penye giza, na atazame kila mshale kabla ya kulipa.