Asumini na mti wake

Embe ni tunda, mwembe ni mti. Ndivyo ilivyo pia kwa ua hili jeupe: ua ni asumini, mti ni mwasumini, wingi wake miasumini. Anayesema “nimepanda asumini uani” amepanda maua. (Wauza miche, mnasikia?)

Neno lenyewe ni la Kiajemi na lilitufikia kupitia Kiarabu. Wapo wasemao yasmini, nao hawakukosea.

Mwasumini unaopandwa sana pwani yetu, wataalamu wanauita Jasminum sambac. Asili yake ni Asia ya Kusini, na huko Ufilipino ni ua la taifa tangu 1934. Matumba huchumwa jioni kabla hayajafunguka, kwani harufu yake hukolea usiku. Hutungwa uzini yakawa shada, au hutiwa kwenye kikuba pamoja na rehani na mkadi. Bibi harusi wa Unguja bila asumini? Haiwezekani.

Mwafu ni mwingine: huo ni mwasumini wa porini, na ua lake ni afu. Neno fupi, tamu, nalo linasahaulika. Waandishi, litumieni.