Maji ya Kampala Vitani, 1979

Tarehe 11 Aprili 1979 majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliiteka Kampala. Lakini Jinja, penye bwawa la umeme la Owen Falls, ilibaki kwa askari wa Amin hadi tarehe 22. Siku 11 hizo kiu ya mji mkuu ilitegemea adui. Kwani maji ya Ziwa Viktoria husukumwa kwa mitambo ya umeme kutoka Ggaba hadi matangi ya vilimani. Katika mabonde kama la Kalerwe, kaskazini mwa Mulago, chemchemi hububujika zenyewe, ingawa uchafu wa vyoo huzinajisi. Basi, walimu wenzangu, tunapofundisha vita tusihesabu bunduki tu: mwenye bwawa ndiye mwenye mtungi, na chemchemi iliyotunzwa ni akiba isiyotekwa.