Fremu Kwa Websaiti: Gani Utumie, Gani Utupe Kabla Uchukue Doo ya Mteja

Kama wewe ni msee wa Meru ama Embu na umeanza kupata vijikazi vya kutengeneza websaiti, leo ni agrovet ya Makutano, kesho ni hoteli ya Runyenjes, maneno ya fremu itakupata tu. Mteja ataona mahali menyu imeganda kando na katikati ndiyo inabadilika, akuambie, "Mimi nataka kama hiyo." Ama utaokota muundo wa bure wa kitambo, ufunguke fiti kwa laptop yako, halafu ukatae kwa simu. Na wanunuzi wake karibu wote wako kwa simu.

Fremu ni kukata dirisha la brauza vipande, kila kipande kikifungua ukurasa wake. Zililetwa na Netscape Navigator 2.0 mwaka wa 1996, na HTML 4.0 ikazikubali rasmi mwishoni mwa 1997.

Usiwacheke waliozipenda. Siku hizo intaneti ilipitia laini ya simu ya waya, na huku kwetu nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika 2009. Kabla ya hapo ilikuwa setilaiti, na saiba ilikuhesabia dakika. Fremu zilifanya menyu na logo zipakuliwe mara moja tu, halafu ukibonyeza linki kipande cha katikati pekee ndicho kinabadilika. Fundi naye alibadilisha menyu kwa faili moja badala ya kurasa thelathini. Hiyo kazi ya pili siku hizi inafanywa na PHP ama WordPress, bila fremu.

Shida kubwa iko kwa anwani. Tuseme agrovet inauza miche ya makadamia. Mnunuzi anaingia, anabonyeza mpaka apate bei, anatuma linki WhatsApp kwa shemeji yake Siakago. Shemeji anafungua, anakuta ukurasa wa kwanza! Anwani haikubadilika hata kidogo, ju brauza inaonyesha ile ya nje pekee. Google nayo inaweza kufanya kinyume: inampeleka mtu moja kwa moja kwa kipande cha ndani, hakina menyu, hakina namba ya simu, hakina hata jina la duka. Bei ameiona, ya kuuza ni nani hajui. Hapo mteja wako amepoteza biashara na wewe ulishakula deposit.

Kwa simu ndio noma zaidi, safu tatu zikifinyiliwa kwa skrini ndogo. Jakob Nielsen, mtaalamu wa mambo ya matumizi ya websaiti, alikuwa ameshaandika Desemba 1996 kuwa mara nyingi fremu ni mbaya. HTML5 ilipopitishwa 2014 ikatupa frameset nje. Brauza bado zinaifungua, kwa hivyo usidanganyike ati ju inafunguka basi iko sawa.

Sasa kuna fremu moja imejificha, na hapa ndio watu huuziwa mbuzi kwa gunia. Mteja analipia jina lake la .co.ke, fundi anamtengenezea blogu ya bure Blogger, halafu anaweka ile mbinu ya kuficha anwani. Jina linaonekana safi juu, lakini chini ni fremu moja kubwa imebeba blogu. Kila ukurasa una anwani ileile, Google inapata ganda tupu, na kwa simu maandishi yanaweza kutokea madogo kama mchele ju ganda la nje halina maagizo ya upana wa skrini. Unataka kuhakikisha? Fungua kodi ya ukurasa kwa laptop. Ukiona mistari michache tu na neno frameset ama iframe, umejua. Na cha kuudhi ni kwamba Blogger inakubali uunganishe jina lako mwenyewe kwa mipangilio ya DNS, bila malipo ya ziada. Hakuna sababu ya huo ujanja.

Iframe yenyewe haijafa, na si adui. Hiki ni kisanduku kimoja ndani ya ukurasa wa kawaida, na kazi yake nzuri ni kubeba kitu cha watu wengine: ramani ya Google ikionyesha hoteli iko wapi, video ya YouTube, fomu. Mwenye kitu akikirekebisha, kwako pia kimerekebishika. Na ikiwa kimetoka tovuti nyingine, kodi yake haiwezi kuingia kuchokora ukurasa wako.

Bei yake ni data. Weka video nne na kila moja itavuta mitambo yake kabla mtu hajabonyeza kucheza, bando ya watu iende hivyo. Andika loading="lazy" ili zingoje mtu ashuke hapo, ama weka picha yenye linki tu. Upana uwe asilimia 100. Weka pia title, ndiyo msomaji asiyeona aambiwe na simu yake ndani kuna nini.

Ukijaribu kuweka ukurasa wa benki ndani ya iframe, mara nyingi utapata kisanduku kitupu. Si wewe umekosea, wao wamekataza. Mwaka wa 2008 Robert Hansen na Jeremiah Grossman walionyesha jinsi mwizi anaweza kulaza fremu isiyoonekana juu ya kitufe, ufikiri unabonyeza "cheza" kumbe unakubali kitu kingine. Anwani iliyo juu ni ya mwenye ganda, si ya kilicho ndani. Kwa hivyo usimjengee mtu yeyote kisanduku cha kuuliza PIN ya M-Pesa. PIN huwekwa kwa simu ya mwenyewe, ujumbe wa malipo ukitokea.

Yule mteja wa menyu iliyoganda? Mpe position: sticky ya CSS, atafurahi. Na ukirithi websaiti nzima ya frameset, weka menyu na namba ya simu kwa kila ukurasa wa ndani, acha majina ya faili yalivyo ili linki za zamani zisikatike, halafu utoe ganda. Hiyo chaji kama kazi mpya, si "kurekebisha kidogo."